Farasi wa Hulagu

Juzi niliona zulia lililoviringishwa likishushwa ngazini, nikaikumbuka alasiri moja nyumbani kwetu Nuzha, Jeddah. Chumba kilinukia udi. Bibi alikuwa akinihadithia Hulagu, mfalme wa Wamongolia, alivyoiteka Baghdad, akamviringisha khalifa ndani ya zulia, farasi wakamkanyaga. Mara dari ikalia: du, du, du.

"Bibi, farasi!"

"Ndiyo, mwanangu. Farasi."

Halafu nikasikia mtu akilia, nikajua ni khalifa.

Sasa najua alikuwa dada wa Kenya, mtumishi wa ghorofa ya juu, aliyefungiwa ndani akipiga sakafu kwa kisigino. Tajiri wake ndiye aliyekuwa kafili wetu, mdhamini ambaye bila yeye tusingeruhusiwa kuishi nchini. Bibi alijua siku ile ile. Kila vishindo vilipozidi, alizidi kuipaza hadithi.