Mzazi wa Kwenye Shuka

Jirani yangu akiwasha jenereta na harufu ya mafuta yake ya esansi ikaingia dirishani, naiona tena ile shuka nyeupe iliyotundikwa kwenye ukuta wa kanisa, kule milimani Masisi. Tulikuwa tumekimbia vita, hatujulikani na mtu. Mama alikuwa ametoka kujifungua, akabaki kambini na mtoto. Mimi nikajipenyeza katikati ya akina mama wa kijiji kutazama sinema ya Wahindi iliyoonyeshwa kwenye shuka hiyo kwa jenereta.

Tulingoja ngoma na ngumi. Wapi! Haikuwa na rangi wala wimbo. Mwanamke maskini alizaa peke yake kibandani, kisha akainuka kujiwashia moto mwenyewe. Watoto tulinung'unika, sinema gani hii? Lugha yao hakuna aliyeijua, lakini baadhi ya akina mama walijifuta macho kwa ncha za vitenge.

Mama mmoja mnene, mwenye kitambaa cha kijani kichwani, akashindwa kuvumilia.

"Majirani yake iko wapi? Hata uji hawamuletei!"

Maneno yakanitoka tu: "Hata mama yangu amezaa, na hakuna muntu alikuja."

Vichwa vyote vikanigeukia.

Asubuhi akina mama wale walipanda njia ya matope hadi kambini, na uji wa mtama, kuni na maharage. Mama akadhani wamekosea hema. Yule wa kitambaa cha kijani akaketi chini, akampakata mtoto.

"Ule wa mu sinema iko mbali sana, dada," alisema. "Wewe ndiyo tunaweza kufikia."