Siku Deni Langu la Chuo Lilipotangazwa kwa Kipaza Sauti

Jamani, hili hata mama yangu mzazi kule Nyamwage sijamsimulia, na akilisikia kwa mtu mwingine nitakana, lakini kwa kuwa leo tumekaa wenyewe kwa wenyewe acha niseme, maana kulibeba peke yangu nimechoka.

Mnajua chuo nimesoma kwa mkopo, kama wengi wetu. Sasa ajira ya ualimu ilipotoka nikapangiwa sekondari moja ndani kabisa ya delta, mbele ya Mbuchi, mahali unafika kwa boti tu na mikoko imekuzunguka kila upande. Nikataka kukataa, ila rafiki yangu wa chuo akanipigia: "We usiwe mjinga, mtumishi akikaa mazingira magumu deni la mkopo linapunguzwa, wengine linafutwa kabisa!" Nani kamwambia? Sikuuliza. (Na mimi ndiye mwalimu wa hisabati, mnielewe.) Nikafunga begi.

Hapo bado hakuna ubaya. Ubaya ulianza siku ya kutambulishwa kwa wazazi, mwenyekiti wa kijiji, Bwana Mtulia, aliponiuliza mbele za watu imekuwaje kijana msomi nikakubali kuja kwao, wakati wenzangu wakiona yale matope tu wanaomba uhamisho. Mdomo ukaniponyoka: "Nimeacha nafasi mjini kwa ajili ya watoto wenu." Walipiga makofi nyie! Tangu siku hiyo nikawa mtu. Asubuhi nakuta kaa wamefungwa mlangoni kwangu, mara mchele mpya, na mgeni yeyote akishuka kwenye boti Bwana Mtulia anamweleza habari zangu, mimi nainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu kweli.

Na ule uongo nikautumia. Bi Sauda, jirani yangu, mjane anayenunua kamba wabichi kwa wavuvi na kuwaanika auze, alitaka kumtoa shule binti yake Mwanahawa amsaidie kazi. Nikamwambia, "Bi Sauda, mimi nimeuacha mji kwa ajili ya mwanao, wewe unashindwa kumwacha asome?" Akajifuta macho kwa kanga. Mtoto akabaki shule.

Basi, ikafika siku ya kufungua bweni la wasichana. Mgeni rasmi, afisa kutoka wilayani, kafika na ujumbe wake, pilau limepikwa, maturubai yamefungwa, kijiji kizima kipo. Wakati wa chakula nikapangwa kukaa ubavuni kwake, nikaona hii ndiyo nafasi yangu, nikamnong'oneza, "Mheshimiwa, hivi sisi wa mazingira magumu, lile deni la chuo la kupunguziwa, naanzia ofisi gani?" Alikuwa anatafuna, akaitikia kwa kichwa: "Swali zuri sana, mwalimu." Nikajipongeza.

Kumbe mwenzangu ni mtu wa kujibu maswali hadharani! Bwana Mtulia kasimama, kanisifu mpaka na mimi nikaanza kuamini, kisha afisa akashika kipaza sauti: "Kabla sijakata utepe, mwalimu wenu huyu kaniuliza jambo la maana, nalijibu hapa ili na watumishi wengine wafaidike. Anataka kujua, kwa vile kakubali kukaa huku, deni lake la chuo litapunguzwa lini. Mwalimu, hakuna kitu kama hicho. Utakatwa kwenye mshahara kama wenzako, uwe huku, uwe mjini." Na alisema kwa upole, wala hakuwa na nia mbaya.

Halafu upande wa kina mama sauti moja: "Kumbeee!"

Ningekaa kimya ningepona, lakini nikaomba kipaza sauti. "Ndugu wazazi, sikuja kwa ajili ya deni peke yake..."

"Peke yake?" akadakia mzee mmoja, na hapo watu walicheka, walicheka mpaka wanashikana mabega. Bwana Mtulia hakucheka, alikuwa anatazama viatu vyake. Bi Sauda naye alikuwa ananitazama mimi.

Nikasema nimeitwa wilayani Kibiti kwa dharura (sikuitwa na mtu), nikashuka mbio bandarini niwahi kujificha kwenye boti ya wageni. Maji yamekupwa, boti imelala kule kwenye tope. Mwenye akili angerudi. Mimi nikavua viatu, nikapandisha suruali ya suti, nikaingia, na hata robo ya njia sijafika nimezama mapajani, mbele siendi, nyuma sirudi. Nageuka, naona mkutano mzima umehamia ufukweni, mgeni rasmi na mkasi wake mkononi, wanafunzi wangu wamepanda juu ya mitumbwi waone vizuri. Kina mama ndio walionitoa, wakanilazia ubao, wakanivuta, suruali nusura ibaki humo. Aliyenishika kwapani ni Bi Sauda, na hakuniambia hata pole.

Jumatatu Mwanahawa hakuja. Jumanne hakuja. Jioni nikaenda kwao, nikamkuta Bi Sauda anageuza kamba kwenye mkeka. Nikaanza, "Bi Sauda, kuhusu lile deni..."

"Mwalimu, mimi na deni lako wapi na wapi? Kila mtu anatafuta riziki, hata mimi hawa kamba siwaaniki kwa mapenzi. Ungesema nakuja kazini, tungekupokea vilevile. Lakini ulinisimanga kwa kitu ambacho hukukitoa, nikalia, nikajiona mama mbaya."

Nikabaki nimesimama, inzi wanatua usoni.

"Mtoto atakuja kesho," akasema. "Nilitaka kumzuia nikukomoe, nikaona nitamkomoa yeye. Sasa niondokee, unanizibia jua."

Alikuja kweli, akakaa mbele, na hesabu zote akapata. Mlangoni kwangu kaa hawajaletwa tena, nanunua kama watu wengine. Nimeapa sitamwambia mtu tena kwamba nimejinyima kwa ajili yake, hata awe mke wangu, hata iwe kweli.