Perege wa Posa

Mimi shule niliiachia darasa la tatu, lakini samaki nawajua. Huku kwetu milimani, juu ya Mbeya mjini, watu ni wa viazi na mahindi. Nilipochimba bwawa walinicheka: "Mzee anafuga mvua!" Perege walipoanza kurukaruka, wakaja kuomba vifaranga vya samaki. Baridi inawadumaza, sikatai, ila wanaliwa.

Basi wakaja wa posa ya binti yangu. Mambo ya dini wachumba walishamalizana. Wakwe ni Waislamu, wafanyabiashara wa mjini, asili yao pwani. Nikajiona mjanja: nyama wataniuliza nani kachinja, samaki hachinjwi. Wakakaangiwa perege.

Baba wa kijana alikula mpaka akanyonya miiba. Akaanza habari za kwao: pweza anayejigeuza rangi, chaza, kaa wanaonenepeshwa kwenye vizimba, dada yake anayelima mwani.

"Majani? Baharini?" Nikacheka. "Mnapalilia kwa jembe gani, mkwe?"

"Kamba na vigingi tu. Hatutii mbolea wala chakula, bahari inalisha yenyewe." Akalamba kidole. "Na hawa wako, mkwe, unawalisha nini?"

Sisi banda la mifugo tunalijenga ukingoni mwa bwawa, mavi yaingie majini, maji yawe kijani, samaki wanenepe. Wengine huweka kuku. Mimi niliweka nguruwe. Nilikuwa nimewaza kisu, banda sikuliwaza kabisa.

Hapo hapo nguruwe mmoja akakoroma huko nyuma ya nyumba.

Mkwe akaiweka sahani chini, taratibu.

"Ni hao, mkwe," nikasema.

Akaomba maji. Akasukutua, akasukutua tena, wenzake wakimfuata. Chai ikabaki kwenye chupa. Waliondoka bila kutaja posa, na jikoni nilimsikia binti yangu akilia.

Nguruwe niliwauza, bwawa nikalikausha, nikaanza upya kwa pumba na mboga. Ndoa ilifungwa, maana yule mzee aliwaambia ndugu zake kwamba kwa ujinga wa baba asiadhibiwe binti.

Juzi mkwe alikuja kututembelea. Mke wangu akatenga perege. Nikasubiri aniulize wamelishwa nini. Jibu nilikuwa nalo, safi, nimelipanga tangu asubuhi. Hakuuliza. Akasema bismillahi, akala. Nami nikalimeza jibu langu pamoja na tonge la kwanza.