Nyumba ya Dada wa Mjumbe

Mjomba wangu Djaanfar Boinali alikuwa fundi wa kushona sare za shule mjini Mahajanga, Madagaska, kabla hajawa mjumbe wa baraza la mkoa, na ujumbe ulipokwisha alirudi kwenye sare zake. Watu huikumbuka ile miaka sita ya katikati, 1983 hadi 1989. Madaftari yake tisa ya miaka hiyo ninayo mimi. Yaliyo humu nimeyatoa huko, na mengine nimeyasikia kwake na kwa mama.

Mama yangu, Moinaecha, alikuwa dada yake wa pekee. Kwetu sisi wenye asili ya Ngazija, kisiwa cha Komoro, nyumba ni ya mwanamke. Bibi alimwachia mama nyumba ya vyumba vitatu, mama angeniachia mimi, na mume wangu angehamia humo siku ya harusi. Kaka kazi yake ni kuilinda tu. Mtaa wenyewe siutaji, kwa kuwa watu wake bado wapo.

Desemba 1976, watu wetu waliposhambuliwa Mahajanga, baba yangu Elamine aliuawa. Nilikuwa na miaka minane. Wengi walionusurika walipelekwa Komoro. Mama alizaliwa Mahajanga, Komoro hakuwahi kuiona hata siku moja, akakataa kwenda. Tulipanda meli ndogo ya mizigo mpaka kisiwa cha Nosy Be, kwa rafiki yake Kadidja, ambaye alitutafutia chumba cha kupanga mjini Hell-Ville. Mama akapata kazi ya kuchuma maua ya mlangilangi. Maua hayo huchumwa mapema, jua lisije likayanyausha, kwa hiyo nilipoamka nilikuta mkeka wake umeshakunjwa. Mpaka leo harufu ya mlangilangi wengine huiita manukato. Mimi nikiisikia najua mtu amechoka.

Mjomba alibaki Mahajanga. Mashemeji zake Wasakalava, wenyeji wa pwani ile, walimficha wiki mbili, kisha akafungua tena cherehani.

Mwaka 1978 ofisi ya mtaa ilitangaza kwamba nyumba zote ziandikishwe, na zisizo na wenyewe watapewa watu wasio na makazi. Mjomba alikwenda siku ya kwanza. Karani alikuwa Youssoufa, mtu ambaye mjomba alikuwa akimshonea suruali.

"Jina la mwenye nyumba?"

"Moinaecha Boinali."

"Yuko wapi?"

"Nosy Be."

"Basi hayupo. Sikiliza, fundi. Andika lako, yaishe. Si nyote watoto wa Boinali?"

"Nyumba ya mama yetu. Amepewa yeye."

"Nani atakuja kukuuliza?"

"Yeye."

Youssoufa alicheka mpaka akavua miwani. "Mwanamke yuko kisiwani anachuma maua, wewe unamwogopa huku!"

"Simwogopi. Namwonea haya."

Karani hakuwa mtu mbaya. Alingoja kidogo, kalamu mkononi, labda fundi angebadili mawazo. Kisha akaandika kwenye nafasi ya mwenye nyumba: hayupo.

Mwaka uliofuata akahamia humo mjane mmoja, Soazara, na watoto wanne. Mafuriko yalikuwa yameichukua nyumba yake ya kijijini. Mjomba hakumchukia. Alipopita mbele ya mlango alimsalimu, na sare za watoto wake alizishona.

Alipochaguliwa mjumbe, kila Ijumaa baada ya sala aliweka benchi nje ya duka. Watu walikuja na shida zao, Waislamu kwa Wakristo. Kanuni yake ilikuwa moja. Hakuandika shida ya mtu kwa maneno yake mwenyewe. Aliandika kama alivyoambiwa, akamsomea mwenye shida, na mwenye shida akikubali ndipo alipofunga daftari. Barazani, ambako mambo yalisemwa Kimalagasi na Kifaransa, alisoma vivyo hivyo, bila kuongeza neno. Nimeona humo bomba la maji lililokauka miezi saba, foleni za mchele na sabuni, wavuvi wa Antsanitia ambao samaki wao waliharibika kwa ubovu wa barabara, darasa la watoto themanini na madawati kumi na moja.

Nyumba ya mama haimo. Mkewe, Fatoumia, alimuuliza mapema kabisa.

"Na wifi yangu utamsemea lini?"

"Nikianza na dada yangu watasema nilikwenda kujitafutia mwenyewe. Nitamweka mwisho, wakishasikilizwa wao."

"Baba watoto, watu hawaishi shida. Huo mwisho utaufikia lini?"

Alisema atajitahidi. Aliyenisimulia haya ni Fatoumia mwenyewe, na alicheka alipokuwa akisimulia, lakini si kwa furaha.

Aprili 1984 kimbunga kiling'oa mapaa mengi ya Mahajanga. Ijumaa ile foleni ya benchi ilifika barabarani. Soazara alikuja amembeba mtoto wa mwisho. Daftari la tatu, shida ya kumi na tisa, kwa mwandiko wa mjomba ulionyooka: "Nyumba ya Soazara. Paa lote limekwenda. Watoto wanne wanalala chini ya meza." Alimsomea. Soazara akasema ndivyo hasa. Mjomba akafunga daftari.

Alizisoma barazani nyumba arobaini na mbili, moja baada ya moja, na mabati yakatoka kwa zote. Siku ya kuezeka ile nyumba ya kumi na tisa, ngazi aliishika yeye. Akamwandikia mama barua: "Dada, paa lako ni jipya." Mama aliniamuru niisome mara mbili. Aliikunja, akaiweka kwenye mkoba wa Kurani, na wiki nzima alikuwa akiimba akiosha vyombo. Alidhani tumekaribia kurudi.

Mwaka 1987 nikaposwa na kijana mmoja, fundi wa injini za boti pale Hell-Ville. Wazee wake walikuja kwa adabu, wakanywa chai, wakauliza harusi itakuwa nyumba gani. Mama akasema Mahajanga. Walipoondoka aliniambia niandike barua ya mstari mmoja: "Kaka, Hayrat ameposwa. Nyumba iko wapi?"

Katika kikao cha baraza kilichofuata mjomba alisimama. Mwenyekiti, ambaye alipenda kutaniana naye, akamwahi. "Fundi, leo unajishonea mwenyewe?"

Wajumbe wakacheka.

"Namshonea dada yangu, mheshimiwa. Kitambaa chake kimekaa dukani miaka minne."

Wakacheka tena, lakini hoja ilipokelewa. Ikaundwa kamati ya watu watatu, na sharti likawa kwamba mwenye nyumba afike mwenyewe. Mama alikuwa hajakanyaga Mahajanga tangu ile Desemba. Mjomba alikuja Nosy Be kumchukua. Alimkuta ameketi kitandani, begi limefungwa, naye hawezi kuinuka.

"Njia ile ile, kaka?"

"Bandari ile ile. Lakini mimi nitakuwa mbele yako."

"Na mimi nyuma yako, mama," nikasema. Tukaenda hivyo.

Kutoka bandarini tulipanda puspus, kigari cha abiria kinachovutwa na mtu. Mama alikuwa amevuta mtandio wake wa shiromani mpaka machoni, akihesabu kona kwa sauti ndogo. Tulipopita nyumba yetu hakugeuza kichwa. Alisema tu, "Mlango wameupaka kijani."

Kamati ilikaa katika darasa la shule. Soazara alikuwa upande mmoja na watoto wake, sisi upande mwingine. Mama alieleza vizuri: nani alijenga, mwaka gani, kisima kiko wapi, mlango wa nyuma unafungwaje. Wale watu watatu walimsikiliza kwa heshima. Halafu mkubwa wao akatoa karatasi za baraza, ile orodha ya mapaa ya mwaka wa kimbunga.

"Mjumbe, mwandiko huu ni wako?"

"Ni wangu."

"Tusomee ya kumi na tisa."

Mjomba akasoma, "Nyumba ya Soazara." Akaishia hapo.

"Endelea."

"Niliandika kama alivyosema mwenyewe."

"Ukaisoma mbele ya baraza zima. Mabati ya umma yametolewa kwa nyumba ya Soazara. Sasa tuseme orodha ya mjumbe ina uongo? Tukisema hivyo, itabidi tuifungue yote, nyumba zote arobaini na mbili. Unataka hivyo?"

Nilimtazama mjomba. Mama naye alimtazama. Angesema neno moja tu, "Nilikosea," na sijui yangefuata nini. Labda mapaa ya watu yangeshushwa, labda isingekuwa kitu. Alishika ukingo wa dawati la watoto kwa mikono miwili.

"Orodha ni ya kweli," akasema.

Nyumba ikabaki kwa Soazara.

Nje, Soazara alitufuata. Alimwambia mama kwa Kimalagasi kwamba harusi ifanyike mle ndani, yeye na watoto watatoka siku tatu, hata wiki. Mjomba aliinua uso kama mtu aliyeitwa.

"Wewe huna kosa, mwanangu," mama alimjibu. "Lakini siwezi kuazima nyumba ya mama yangu." Kisha akamgeukia mjomba, akasema kwa lugha yetu ya nyumbani, "Kaka, shida za watu wote uliziandika. Ya kwangu uliiandika wapi?"

Mjomba aliinua begi la mama, akatangulia mpaka bandarini. 

Niliolewa Nosy Be katika chumba cha kupanga. Mwenye nyumba alikubali, ila wageni waondoke kabla ya magharibi. Mjomba alikuja bila kuitwa, amebeba gauni langu alilolishona mwenyewe, lenye vifungo arobaini vidogo mgongoni. Alisimama mlangoni mpaka Kadidja alipomvuta ndani. Mama alilipokea gauni. Mkono hakumpa.

Baada ya hapo, katika madaftari mawili ya mwisho, shida ya kwanza ya kila Ijumaa ni ya mama. Yeye hakuwepo kusomewa, kwa hiyo mjomba aliivunja kanuni yake, akaiandika kwa maneno yake mwenyewe, na kila mara maneno yanabadilika kidogo, kana kwamba hajayapata sawasawa. Barazani aliisoma vikao vitano. Majibu yalikuwa kwamba imesikilizwa.

Mama alikufa kwa homa mwezi wa Machi 1989, msimu wa mvua. Mjomba alifika siku ya pili, kaburi limeshafunikwa. Mwaka huo hakugombea tena.

Mwaka 1990 aliniita Mahajanga. Duka lake alikuwa amelihamishia Antanimasaja, na nyuma ya duka alikuwa amejenga vyumba viwili vya matofali. Wanawe wote ni wa kiume, walikuwa wameshaoa na kuhamia kwa wake zao. Alinipeleka ofisi ya mtaa bila kunieleza tunakwenda kufanya nini. Alikuwa amevaa koti la barazani, limemlegea mabegani.

Karani alikuwa kijana, hakutujua. Mjomba alimwambia anaandikisha vile vyumba viwili vya nyuma ya duka.

"Jina la mwenye nyumba?"

"Hayrat, binti Moinaecha Boinali," mjomba akasema, akangoja mpaka kalamu ilipoacha kuandika. "Nisomee."

Karani akamsomea.

"Na mwenyewe yupo?" kijana akauliza, kwa kuwa fomu inauliza.

"Yupo," mjomba akasema. Akanishika kiwiko, akaniambia nisimame, ili karani anione.