Chumba cha Ubavuni Kilichogoma Lupiro

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo haijawahi kunitoka kichwani, na kila inaponijia huja kwanza na ukungu. Ukungu wa bonde letu unaujua. Alfajiri unashuka kutoka milimani, unalala juu ya mashamba ya mpunga, na watu wanatembea ndani yake hadi kiunoni kama wanaovuka maziwa.

Wakati huo daraja lilikuwa bado. Kutoka Ifakara kwenda Lupiro tulivuka Mto Kilombero kwa kivuko, nami nilisimama kivukoni asubuhi hiyo na baiskeli yangu, sanduku la spana limefungwa nyuma. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na kiburi cha mtu wa sitini. Nilikuwa fundi wa matrekta pale Kibaoni, na watu walinisifu. Sifa, mwanangu, ni kama togwa lililokaa siku nyingi: unalinywa kwa utamu wake, kumbe limeshachacha na linakulevya.

Ng'ambo kulikuwa kumefika gari la madaktari wa macho. Lilikuwa gari kuukuu, refu kama basi, lililoundwa huko Ulaya liwe nyumba ya watu wanaopenda kutembea, lenye vitanda na jiko ndani yake. Lilipochoka likanunuliwa, likageuzwa chumba cha upasuaji. Maajabu yake yalikuwa ubavuni. Ukibonyeza swichi, pampu ililia kidogo, oili ikasukuma silinda, na ukuta mzima wa upande mmoja ukatoka nje polepole, hadi gari likawa na chumba ambacho dakika moja kabla hakikuwapo. Humo ndimo kilimokaa kitanda cha upasuaji. Chumba kisipotoka, daktari hana pa kusimama. Kikitoka nusu ndiyo balaa zaidi, maana hata safari gari haliwezi.

Siku hiyo kilikuwa kimetoka nusu na kugoma, nami nikaitwa. Ndiyo maana uliponipigia simu juzi kuhusu gari-nyumba la wale wageni lililokukwamia Mlimba, ukaniuliza pampu mpya inapatikana wapi, sikukujibu upesi. Nilitaka kwanza nikusimulie haya.

Nilipofika uwanjani niliona watu wameketi kwenye mikeka, wengi wao wazee, nyuso wamezielekeza kwenye lile gari jeupe ambalo hawakuliona ila kama wingu. Walikuwa wamepatwa na mtoto wa jicho, na walikuwa wamekuja kutoka vijiji vya mbali. Kati yao alikuwamo mama yangu, Mama Bernadeta. Macho yake yalikuwa hayaoni, huo ukiwa mwaka wa tatu. Baba alimshika mkono kila walikokwenda, akimsimulia njiani vilivyopo: mpunga umechanua, ng'ombe wa Wasukuma wanapita, yule pale ni fulani na amenenepa. Mama alikuwa akisema anataka kufumbuliwa macho aone kama baba kweli amezeeka, kwa sababu sauti yake ilikuwa haijazeeka.

Dereva wa gari hilo alikuwa Mzee Apolinari, mtu wa Mahenge, mwembamba na mpole, aliyeliendesha tangu lilipoingia nchini. Nilimkuta amejifunika sweta juani, homa inamtetemesha. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaanza kunieleza jinsi tatizo lilivyoanza. Sikumwacha amalize.

"Mzee, wewe pumzika tu, unaumwa," nilimwambia. "Haya ni mambo ya haidroliki. Niachie mimi."

Aliniangalia kidogo, akatikisa kichwa, akaenda kulala nyumbani kwa katekista. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini siku hiyo lililovunjika halikuwa guu langu.

Nilibonyeza swichi mara moja. Pampu ililia, chumba kikasogea upana wa kiganja, kikasimama kinatetemeka. Mara moja tu, mwanangu, nami nikatangaza mbele za watu kwamba pampu imekufa. Nikalala chini ya gari nikaifungua. Oili nyekundu ikamwagika majanini, nami nikawahi kukinga kiasi kwa beseni. Nilipoitazama pampu ndani ilikuwa safi, nzima, haina hata mkwaruzo. Aibu ilinipanda hadi masikioni. Nikairudisha, nikachuja oili ile kwa kitambaa, nikaimimina tena kwenye tanki, nikabonyeza. Chumba hakikusogea kabisa. Nilikuwa nimeingiza hewa kwenye paipu, na sasa pampu ilikuwa inakohoa tu. Kabla yangu chumba kiligoma kutoka. Baada yangu kiligoma kutoka na kurudi.

Jua likashuka. Daktari Yustina, mama mtulivu aliyekuwa mkubwa wa safari ile, alikuja akauliza kwa upole kazi itakwisha lini. Nikamwambia kesho asubuhi, bila kujua nasema nini. Wagonjwa wakapelekwa kulala kwenye madarasa ya shule. Mama akamtuma baba aniletee wali na kambale. Baba aliniwekea sahani kwenye ngazi ya gari, akasema mama anasema fundi asifanye kazi na njaa. Sikuwa na uso wa kula.

Asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala, Mzee Apolinari alikuja. Homa ilikuwa imemwachia. Hakunigombeza. Alivuta kigoda akaketi, akaniomba nimweleze nilichofanya, hatua kwa hatua, nami nikamweleza nikiwa nimeinamisha kichwa. Kisha akasema maneno ambayo mpaka leo hunirudia kila ninaposhika spana.

"Tangu jana unaliambia gari ugonjwa wake. Umeliuliza lini?"

Akainuka. Aliwasha injini, akaangalia kama taa za ndani zinafifia pampu inapolia, maana betri dhaifu hujifanya pampu mbovu. Akashika nyaya za betri moja moja, na ule waya wa ati, wa kurudishia umeme, uliofungwa kwenye chasisi, akatikisa aone kama umelegea. Akachungulia reli ambazo chumba hupitia, kama kuna jiwe au kijiti kimebana. Akapitisha kiganja kwenye paipu zote na kwenye silinda, akakitazama kiganja chake: kikavu. Mambo yote haya aliyafanya kama mtu anayemwogesha mtoto.

Kisha akaniambia alichotaka kuniambia jana. Kwamba chumba kilikuwa kinasogea shubiri moja, kinasimama, ukikiacha kwa muda kinasogea tena.

"Kilichokufa hakipumziki kikaendelea," alisema. "Hiki kimekosa pumzi."

Akafungua kifuniko cha tanki la oili, akakigeuza. Katikati yake kuna tundu dogo, tanki hupumulia hapo. Oili inapotoka kwenda kusukuma chumba, hewa lazima iingie kushika nafasi yake. Isipoingia, pampu inanyonya kwenye chupa iliyozibwa. Tundu lile lilikuwa limezibwa na udongo mkavu, mgumu, uliopakwa vizuri kama ukuta wa nyumba. Nyigu. Nyigu mmoja alikuwa amejijengea kwake pale. Mzee alichomoa njiti moja ya fagio, akalizibua. Haikuchukua hata muda wa kunywa kikombe cha chai. Na kifuniko kile, mwanangu, jana yake nilikuwa nimekishika kwa mkono wangu mwenyewe nikimimina oili, na sikukitazama.

Basi nikataka kukimbilia kujaza tanki. Akanizuia tena. Tanki hupimwa chumba kikiwa ndani, alisema. Ukijaza kikiwa nje, siku kinaporudi oili yote iliyoko kwenye silinda inarudi nayo, na tanki linatapika. Chumba kirudishwe kwanza. Na kwa kuwa pampu ilikuwa na hewa, ilibidi kufungua valvu ya kuachia oili na kukisukuma kwa mikono, pande zote mbili sawasawa, kisije kikaenda mshazari kikabana.

Wanaume wenye nguvu walikuwa mashambani. Hapo wagonjwa wakaanza kuinuka kwenye mikeka. Hakuna aliyewaamuru. Walikuja wakipapasa, mmoja ameshika bega la mwenzake, hadi viganja vyao vikagusa ule ukuta mweupe. Mzee Apolinari aliwapanga, nusu huku na nusu huku, akahesabu kwa sauti ya chini. Nami nilimwona mama yangu kati yao, shavu lake limegusa bati, anasukuma. Chumba kikaanza kuingia. Kilikwenda bila kelele, ukungu umewazunguka, na mimi nilihisi kama nimelala naota: watu wasioona wanairudisha nyumba ndani ya nyumba. Mpaka leo sijaona kitu kizuri kama kile, na mpaka leo nikikikumbuka naona haya.

Nilivuka mto kwenda Ifakara kutafuta oili ya aina ileile, si nyingine, kwa sababu mzee aliniambia oili isiyo yake hula mipira ya silinda. Nilirudi mchana umepita. Tukajaza kwa kipimo, tukakitoa chumba na kukirudisha mara kadhaa, tukiipumzisha pampu katikati, hadi hewa yote ikatoka na kikohozi kikaisha. Mara ya mwisho kilitoka chote, laini, kikatulia.

Daktari Yustina alianza kazi palepale. Lakini maji yaliyomwagika hayazoleki. Watu wa kivuko walikuwa wameleta habari kwamba mto unapanda na kesho asubuhi gari livuke au libaki. Siku moja na nusu niliyoipoteza mimi haikuwa na pa kurudishwa. Daktari akaja kwenye mikeka, akaeleza bila kumtaja mtu kwamba hataweza kuwamaliza wote, akauliza kama kuna anayeweza kungoja hadi mwakani.

Kisha mama yangu akasema, "Nitangoja mimi. Fundi ni mwanangu."

Nilitaka kusema neno, baba akanishika mkono.

Gari lilirudi mwaka uliofuata, na chumba kilitoka swichi ilipobonyezwa mara moja tu, na mama akafumbuliwa macho. Lakini katikati, wakati wa mavuno, baba alikuwa ameugua siku chache na kufariki. Mama hakuiona sura yake tena. Siku walipomtoa bandeji alinitazama muda mrefu, akanigusa uso, akasema, "Una paji la baba yako." Hakuwahi kunilaumu, si siku hiyo wala nyingine yoyote hadi alipofariki naye. Labda angenilaumu ningepumua.

Mwanangu, najua kwamba mafundi wa sasa mna simu zenye video za kila kitu, na hilo ni jema. Lakini kuuliza si ujinga, na aliyelala na gari usiku na mchana, hata kama hajui jina la valvu, anajua linavyolia. Mwache amalize sentensi yake. Kisha anza na kilicho chepesi na cha karibu: betri na nyaya zake, kilichobana njiani, oili iko kiasi gani chumba kikiwa ndani, na tanki linapumua au halipumui. Kitu kinachosogea na kusimama kinajaribu kukwambia jambo. Usifungue kinachoshikilia oili kabla hujajua kwa nini unakifungua, kwa kuwa kosa la fundi halimalizikii kwenye chuma. Linaingia nyumbani kwa watu, likakaa. Na ukikosea, sema nimekosea siku hiyohiyo, jua likiwa bado juu, wakati bado kuna kinachoweza kuokolewa.

Mungu akupe mikono isiyo na pupa na masikio marefu kuliko spana zako. Akujalie wazee wa kukukanya kwa upole, na moyo wa kuwasikia mapema kuliko nilivyosikia mimi. Kila unachokigusa kipone, na wanaokungoja wasingoje bure. Nenda salama, mwanangu, na kazi yako iwe nuru kwa watu.