Kondo la Nyuma Lililokaa Mbele

Nilifungwa wiki tano katika wodi ya wajawazito mjini Nakuru, bila kosa wala hakimu. Ruhusa yangu ilikuwa kutoka kitandani hadi chooni, kisha kurudi. Nilikuwa nimetokwa na damu nikiwa dukani kwangu Bondeni, na picha ikaonyesha kondo la nyuma limeziba mlango wa uzazi. Mtoto wangu wa kwanza alikuwa amefungiwa ndani, nami nimefungiwa naye. Damu ikirudi kwa wingi, tungeweza kwenda sote wawili.

Mama mkwe wangu alishuka kutoka Keringet na chupa ya uji, akaketi karibu na kitanda na kunisomea mashtaka.

"Kama ni ya nyuma, imefikaje mbele?" aliuliza. "Si nilikwambia mwenye mimba hasimami kwa mlango? Na wewe unasimama hapo siku nzima ukiita makastoma!"

Kweli nilisimama. Duka langu ni mlango tu. Ndani panatosha nguo za watoto na stuli moja. Nilikasirika mpaka masikio yakawaka, lakini utamkimbiaje mama mkwe na umekatazwa kutembea? Niligeukia ukuta. Ubaya ni kwamba nilianza kumwamini. Kila nilipokwenda chooni nilivuka kizingiti mbiombio, mimi niliyekatazwa hata kuharakisha.

Siku moja daktari, Mhindi mzaliwa wa papa hapa Nakuru, alinikuta nikilia. Nilimweleza habari ya mlango. Hakucheka. Alisema bibi yake alitibu watu kwa Ayurveda, tiba ya kale ya kwao, na huko kondo huitwa apara: kitovu cha mtoto kimeshikwa na kamba, kamba imeshikwa na apara, na apara imeshikwa na moyo wa mama.

"Kwa picha yangu haijashika moyo," alisema. "Imeshika ukuta wa tumbo la uzazi, huku chini. Ilijishikiza hapo kabla hata ujue uko na mimba. Si makosa ya mtu."

Alipoondoka niliwaza kwamba bibi yake hakukosea sana. Moyo wangu wote ulikuwa huko chini, mlangoni.

Nilipasuliwa asubuhi moja ya baridi. Binti yangu alitoka akilia kwa hasira, wala sikumlaumu. Mama mkwe aliingia, akamtazama mtoto kwa muda mrefu, kisha akakaa bila kuulizia kondo, yeye aliyekuwa amepanga kulizika shambani kwake.

"Wangu wa kwanza alikuja na damu hivi hivi," alisema. "Akaenda. Waliniambia nilisimama kwa mlango."

Nilishtuka. Miaka yote nilijua mume wangu ndiye kifungua mimba.

Daktari alipopita nilimwomba arudie yale aliyoniambia, yote, polepole. Akarudia. Mama mkwe alisikiliza akiwa ameshika chupa ya uji kwa mikono miwili.

"Si makosa ya mtu?" aliuliza.

"Hapana."

"Hata kama alikuwa anasimama kwa mlango?"

"Hata angelala hapo, mama."