Ngamia Anayepiga Simu

Marehemu mume wangu alipenda kuwatungia watoto hadithi za miaka ijayo. Katika hadithi moja, ngamia akipotea humpigia mwenyewe simu.

"Na nani atamwekea kredo ya kupigia, mzee?" nilimcheka.

"Jua litamwekea."

Mwaka huu ngamia wetu wa maziwa, anayetulisha tangu nifiwe, alipotelea upande wa Burat. Binti yetu alikuwa amemfunga shingoni kifaa kinachotumia jua, kando ya kengele ya mti aliyochonga baba yake. Simu ilituonyesha alipo. Tulipofika, vichaka vilimficha, tukafuata mlio wa kengele mpaka tukamshika. Nilimkama palepale.

Jioni wajukuu waliomba hadithi ya babu. Niliwaambia hiyo imeshatimia, sasa tutunge nyingine.